SOMO LA MWEZI: MAJI YA MAFURIKO NA KIDONDA KIDOGO

 

Kwa kawaida ukurasa huu hubeba somo la Biblia. Mwezi huu tumeomba kamati ituruhusu kuandika juu ya jambo lingine. Mvua zimekaribia tena, na yaliyotupata Aprili 2024 bado hatujayazungumza wazi mbele ya kanisa. Sisi si madaktari. Tuliyoandika hapa tumeyapata kwa kuwauliza waliosomea kazi hiyo, kwa kusoma, na kwa makosa yetu wenyewe. Tunaomba mwenye kujua kusoma amsomee jirani yake asiyejua.

1. YALIYOTUPATA

Mnakumbuka usiku ule. Mvua ilinyesha toka saa moja jioni hadi karibu na alfajiri. Kijito cha bondeni, ambacho wakati wa kiangazi hata mtoto hukiruka, kilipanda na kuingia katika nyumba za chini. Vyoo vya shimo vilijaa, maji yakabeba kila kilichokuwemo. Asubuhi vijana wa kanisa na baadhi ya wazee tulishuka kusaidia. Tulitoa watoto, tukabeba mahindi ya mgao, tukaokota mabati, maturubai na masufuria. Tulifanya kazi siku tatu ndani ya maji yale, wengi wetu miguu mitupu, wengine na kandambili. Hakuna aliyekufa maji, tukafanya ibada ya shukrani. Hatukujua kwamba hatari yenyewe ilikuwa bado njiani.

Mzee mmoja wa kanisa letu, mwenye ugonjwa wa sukari, alikwaruzwa na bati kwenye muundi wa mguu. Jeraha lilikuwa dogo kama ukucha wa kidole. Kesho yake jioni alisema mguu unamuuma sana. Tulitazama kidonda, tukaona ni kidogo, tukamwambia, "Mzee wetu, huo ni uchovu, pumzika." Usiku ule mguu ulivimba hadi gotini, ngozi ikakaza na kung'aa, homa ikapanda. Kulipokucha tulikuta malengelenge yenye maji meusi. Alibebwa kwa pikipiki hadi kituo cha afya, na kutoka hapo kwa gari la wagonjwa hadi hospitali kubwa. Daktari alisema mguu ungeweza kuokolewa, au walau maisha yake, kama angefika siku moja mapema. Tulimzika siku ya sita tangu akwaruzwe.

Wiki iliyofuata, kijana wa kwaya mwenye miaka 19 alishindwa kufungua kinywa wakati wa mazoezi. Tulicheka kidogo, tukadhani ni jino. Jioni shingo ilikuwa ngumu kama mti. Usiku mwili wake ukaanza kukakamaa na kujipinda kama upinde, meno yakiwa yameng'ata. Watu wakasema amerogwa. Wengine wakasema ni pepo. Sisi viongozi tuliitwa, tukaenda, tukafunga mlango, tukaomba kwa sauti kubwa usiku kucha. Kila tulipopaza sauti alijipinda zaidi, nasi tulipoona anajipinda tulipaza sauti zaidi, tukiamini kwamba tunashindana na adui.

Asubuhi mama yake alituambia kwa upole, "Baba Wachungaji, nashukuru kwa maombi, lakini mimi naenda na mtoto wangu zahanati." Alikuwa na akili kuliko sisi sote. Muuguzi alipomwona tu aliuliza, "Alichomwa na nini?" Ndipo kijana akaonyesha unyayo wake. Siku tisa kabla alikuwa amekanyaga ubao wenye msumari ndani ya maji. Alijipangusa, akamwaga unga wa kidonge cha rangi mbili kwenye tundu, akaendelea kubeba mabati ya jirani. Ugonjwa ulikuwa pepopunda.

Alilazwa majuma matano katika chumba chenye giza na ukimya. Yuko hai, leo anaimba tena. Lakini muuguzi alitueleza jambo ambalo hatujalisahau: katika ugonjwa huo, sauti kubwa, mwanga mkali na kushikwashikwa huamsha mikakamao. Usiku ule kelele zetu ndizo zilizokuwa zikimtesa.

2. KUNA NINI NDANI YA MAJI YA MAFURIKO?

Wengi wetu tumelelewa karibu na maji. Tumetoka Uvira, Fizi, Kalemie, Kalehe, Bujumbura. Ziwa na mto ni chakula chetu. Kwa hiyo tunayatazama maji ya mafuriko kama maji tu yaliyozidi. Sivyo. Maji ya mafuriko yamepita katika vyoo, mazizi, majalala, makaburi na mashimo ya panya kabla ya kufika mlangoni kwako.

Ndani yake kuna vitu vya namna tatu vinavyotuhusu. Kwanza, kinyesi cha watu na mifugo, pamoja na vijidudu vyake. Pili, mkojo wa panya na wa wanyama wengine. Tatu, vitu vya kukata na kuchoma usivyoviona: misumari, mabati, vioo, miiba, seng'enge. Kitu cha tatu kinafungua mlango, na vile viwili vinaingia.

Ngozi ya mtu ni ukuta. Ikiwa nzima, huzuia vijidudu vingi. Lakini tunazijua nyumba zetu za matofali mabichi. Mvua ya saa moja haizidhuru, ila maji yakikaa chini ya ukuta siku mbili, tofali hulainika na ukuta hulala. Ngozi ni hivyohivyo. Ikikaa ndani ya maji saa nyingi hulainika, hupauka, huchanika katikati ya vidole. Michaniko hiyo midogo inatosha. Huhitaji jeraha kubwa.

3. MAGONJWA MANNE YA KUYAJUA

Tumechagua manne. Matatu huingia kwa ngozi, la nne kwa kinywa.

(a) Pepopunda. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na mavi ya wanyama, vikiwa vimejifunga kama mbegu kavu, na vinaweza kungoja miaka. Watu husema ni kutu ya msumari inayoleta ugonjwa huu. Si kutu. Ni uchafu ulioshikamana na msumari, na tundu refu jembamba lisilopata hewa, kwa maana vijidudu hivi hupenda mahali pasipo na hewa. Hapo hutoa sumu inayoshika mishipa ya fahamu. Dalili huanza siku 3 hadi 21 baada ya jeraha, mara nyingi karibu na juma moja au zaidi kidogo. Taya hukaza, kumeza huwa vigumu, shingo na tumbo huwa ngumu, kisha mwili hukakamaa. Mgonjwa ana fahamu zake zote na anasikia kila mnachosema. Ugonjwa huu hauambukizi kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, basi msimkimbie.

Baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, katika jimbo la Aceh nchini Indonesia waliandikwa wagonjwa 106 wa pepopunda, na 20 kati yao walifariki. Watu hao walikuwa wameokoka na maji. Walijeruhiwa na mbao na mabati, kama kijana wetu.

Jina lenyewe limetuponza. Anayesikia "pepopunda" husikia "pepo", na akishaona mwili unajipinda, hukumu imekwisha kutolewa. Ndugu, hilo ni jina tu ambalo watu wa zamani walilipa ugonjwa huu kwa namna ulivyoonekana kwao. Kinga yake ni chanjo. Watoto huipata kliniki katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ndani ya sindano ya mchanganyiko. Mama mjamzito huchanjwa ili amlinde mtoto mchanga. Lakini sisi wanaume, tangu utotoni hakuna aliyetuita, na wengi tuliozaliwa wakati wa vita hatuna uhakika kama tulichanjwa hata mara moja. Dozi moja haitoshi, ni mfululizo. Hata aliyewahi kuugua pepopunda akapona anahitaji chanjo, maana ugonjwa huu haumwachii mtu kinga.

(b) Kidonda kinachooza kwa haraka. Huu ndio uliomchukua mzee wetu. Bakteria wa aina mbalimbali wakiingia chini ya ngozi wanaweza kukimbia katika nyama ya ndani kwa saa chache, huku juu kidonda kikionekana kidogo. Alama kubwa ni hii: maumivu yanazidi ukubwa wa kidonda. Mtu analia kwa mkwaruzo. Hufuata uvimbe unaosogea, homa, malengelenge, ngozi kuwa nyeusi au ya zambarau, na mwisho mgonjwa kuchanganyikiwa. Vitabu husema "tazama wekundu". Katika ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tazama badala yake ngozi inayong'aa, iliyokaza, yenye joto ukiigusa kwa mgongo wa mkono, au iliyokoza weusi kuliko mguu wa pili. Chukua kalamu uchore ukingo wa uvimbe. Kama baada ya saa mbili au tatu uvimbe umevuka mstari, usingoje asubuhi. Tiba yake ni dawa za mshipa na upasuaji wa kuondoa nyama iliyokufa. Maji ya chumvi na majani hayafiki huko.

Walio katika hatari zaidi ni wenye ugonjwa wa sukari, wenye ugonjwa wa ini, wazee, na wale ambao miili yao imedhoofishwa na ugonjwa mwingine.

Jambo hili si la watu maskini tu. Jamaa zetu wengi wamehamishiwa Marekani, na baadhi wako Houston. Mji huo ulifunikwa na maji ya kimbunga Harvey mwezi wa Agosti 2017, na katika eneo hilo watu waliojeruhiwa ndani ya maji au wakitengeneza nyumba zilizofurika walikufa kwa ugonjwa huu, pamoja na hospitali zote walizo nazo. Miaka 12 kabla ya hapo, baada ya kimbunga Katrina cha 2005, madaktari wa pwani ya kusini mwa Marekani waliandika wagonjwa 22 wa bakteria waitwao vibrio. Wengi wao waliingiliwa kupitia vidonda, na 5 wakafariki. Vibrio hao wa vidonda hupenda maji ya chumvi yenye joto. Maziwa yetu si ya chumvi, lakini ndugu aliye Mombasa, Dar es Salaam au Florida awe na habari.

(c) Homa ya mgunda. Wengi hawajalisikia jina hili. Julai 2022 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa umewashika watu mkoani Lindi, wenye homa na kutokwa damu puani, ulikuwa homa ya mgunda. Walikuwa wagonjwa 20, na 3 walifariki. Vijidudu vyake hutoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine, huishi katika maji na matope, na huingia kwa michubuko ya ngozi, macho, pua au kinywa. Mafuriko yanawafukuza panya mashimoni na kuyatawanya yote. Mji wa Manila, Ufilipino, ulipofurika kwa kimbunga Ketsana mwishoni mwa Septemba 2009, katika majuma yaliyofuata wagonjwa walizidi 2,000 na waliofariki walizidi 150.

Shida ya ugonjwa huu ni kwamba huanza kama malaria. Siku 5 hadi 14 baada ya kuingia katika maji, wakati mwingine hadi mwezi, mtu hupata homa ya ghafla, kichwa, baridi na maumivu ya misuli, hasa ya ndama za miguu. Macho huweza kuwa mekundu bila tongotongo. Wengine hupona. Wengine hupata nafuu kidogo kisha huanguka tena: macho yanakuwa ya njano, mkojo unapungua, wanakohoa damu. Ukitibiwa mapema, dawa za kawaida za kuua bakteria zinausaidia. Kwa hiyo kipimo cha malaria kikisema huna, usirudi nyumbani kimya. Sema neno hili: "Nilikuwa ndani ya maji ya mafuriko tarehe fulani." Neno hilo moja linaweza kumfungua macho aliyechoka kupima watu mia kwa siku.

(d) Kipindupindu na ndugu yake, homa ya matumbo. Hapa hatusemi mengi, maana sisi watu wa maziwa tunavijua. Walio na umri wetu wanakumbuka Goma ya Julai 1994, ambapo kipindupindu na kuhara damu viliwaua makumi ya maelfu ya wakimbizi kwa majuma machache. Wa Uvira wanakumbuka usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe ilipovunja kingo zake, na jinsi mji ulivyobaki na shida ya maji safi. Nchini Malawi, baada ya dhoruba za mwanzo wa 2022, kipindupindu kiliendelea hadi 2023. Wagonjwa walikaribia 59,000 na vifo vilizidi 1,700.

Kipindupindu huua kwa kukausha mwili, na kinaweza kufanya hivyo kwa saa chache. Basi kinywaji kianze nyumbani, wakati mwingine anatafuta usafiri. Maji safi lita moja, vijiko vidogo 6 vya sukari visivyo na kilima, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kama una pakiti ya chumvi ya kuhara kutoka kituo cha afya, hiyo ni bora zaidi. Mtoto anyonye kama kawaida. Mpe mgonjwa kidogokidogo njia yote hadi afike.

4. MAOMBI NA ZAHANATI

Tunajua baadhi yenu mnatungoja hapa. Mtasema, je, wachungaji wanatukataza kuomba? Hapana. Tuliwaombea hao wawili na tunaendelea kuwaombea wagonjwa wote. Kosa letu lilikuwa kufunga mlango. Tulidhani kwamba anayempeleka mgonjwa kwa muuguzi kabla ya maombi kwisha ana imani haba, na watu walituogopa hata wasiseme walichokiona. Mama yule alihitaji ujasiri kutuambia anachotuambia. Asingekuwa na ujasiri huo, leo kijana angekuwa kaburini, nasi tungehubiri mazishini kwamba ni mapenzi ya Mungu.

Basi baraza la wazee limekubaliana mambo matatu, nasi tunayaandika ili mtukumbushe tukisahau. Moja, mgonjwa wa homa, wa kidonda au wa kukakamaa atapelekwa zahanati kwanza, na maombi yatafanyika njiani na huko. Mbili, hakuna kiongozi atakayesema ugonjwa fulani ni pepo au uchawi kabla mgonjwa hajaonwa na mwenye kujua. Tatu, katika chumba cha mgonjwa wa pepopunda tutaomba kwa kunong'ona. Mungu husikia kunong'ona.

Tumeenda pia kwa familia ya mzee wetu tukaomba radhi. Mjane wake alitusikiliza hadi mwisho, akasema, "Andikeni, watu wasome." Ndiyo sababu ya somo hili.

5. TUFANYE NINI?

Kabla ya mvua. Kila mtu mzima aulize kituo cha afya kuhusu chanjo ya pepopunda, hasa wanaume na vijana wanaotumwa kazi za maji. Tunza kadi yako ya chanjo pamoja na kadi ya mgao, ndani ya mfuko wa plastiki. Chimbeni mifereji kuzunguka nyumba na choo. Wenye ugonjwa wa sukari wajiandikishe kwa wahudumu wa afya wa kanda yao, ili tusiwape kazi ya kushuka bondeni. Wapo wengine wenye nguvu.

Siku ya mafuriko. Usiingie majini kama si lazima. Watoto wasiogelee wala kucheza humo, hata kama wanafurahi. Ukilazimika, vaa gambuti. Usipokuwa nazo, viatu vyovyote vyenye soli nene vilivyofungwa vizuri ni bora kuliko kandambili. Kanisa limenunua jozi nane za gambuti kwa sadaka ya vijana, ziko kwa katibu. Pima njia kwa fimbo kabla ya kukanyaga. Mwenye kidonda wazi abaki nchi kavu, apike chai kwa ajili ya wengine. Hiyo nayo ni huduma.

Ukitoka majini. Oga kwa maji safi na sabuni, kausha katikati ya vidole, kagua miguu yako, kisha mwombe mwingine akukague mahali usipoona. Ukiona jeraha, hata dogo, lioshe kwa sabuni na maji safi ya kumwagika, dakika kumi hivi, si kulowesha katika beseni. Kisha funika kwa kitambaa safi kilichokauka. Usipake mavi ya ng'ombe, majivu, dawa ya meno, mafuta ya breki, wala unga wa betri. Usimwage unga wa vidonge: haufiki ndani, na unaziba tundu. Usikazie kidonda cha kuchomwa. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya kidonda kirefu, kichafu, au cha kuchomwa, ukaulize juu ya sindano ya pepopunda. Kama umechelewa siku mbili, nenda hivyohivyo. Usishangae daktari akikiacha kidonda bila kukishona kwa siku kadhaa. Kidonda kichafu kikishonwa haraka hufungia uchafu ndani.

Baada ya maji kupungua. Maji ya kunywa yachemke hadi yatokote kabisa angalau dakika moja, na walio juu milimani dakika tatu, au tumia vidonge vya klorini kama ilivyoandikwa kwenye karatasi yake. Chakula kilichoguswa na maji hayo, hata mahindi ya mgao, kitupwe. Tunajua neno hili ni gumu kwa mwenye gunia moja la mwezi mzima. Asiwe na aibu, aje kwa mashemasi, tutagawana tulicho nacho. Panya waliokufa wasishikwe kwa mkono mtupu. Vaa mfuko wa plastiki mkononi na uwazike mbali na kisima.

Na dawa za dukani. Baadhi ya vijana wetu hununua vidonge viwili vitatu vya kuua bakteria kila wanapotoka majini. Vidonge viwili havitibu ugonjwa. Hufundisha bakteria kuzoea dawa, na siku ya shida dawa haifanyi kazi. Tena zipo dawa ambazo mama mjamzito na mtoto mdogo hawapaswi kupewa. Dawa itoke kwa aliyekupima, na uimalize.

6. USINGOJE ASUBUHI

Kateni sehemu hii muibandike ukutani. Nenda mara moja, hata usiku, ukiona:

- maumivu makali kuliko ukubwa wa kidonda;
- uvimbe unaovuka mstari wa kalamu, malengelenge, ngozi inayokuwa nyeusi;
- taya au shingo kukaza, mwili kukakamaa;
- homa ndani ya siku 30 tangu uingie katika maji ya mafuriko;
- macho ya njano, mkojo kidogo, kukohoa damu;
- kuhara maji kama ya mchele, au kuhara na kutapika pamoja;
- mgonjwa anayesema maneno yasiyoeleweka.

Tunajua kituo kiko mbali na foleni ni ndefu. Tunajua pia kwamba wapo waliofika wakapewa dawa ya maumivu na kurudishwa. Ukirudishwa na hali ikazidi, rudi tena siku hiyohiyo, na uende na mtu wa pili anayeweza kusema. Kwa usiku, wenye pikipiki sita wa kanisa wamekubali kuamshwa. Majina yao yako kwa mwenyekiti wa kila kanda, na mafuta yatalipwa na kanisa.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Kwa nini kidonda kidogo kinaweza kuwa hatari kuliko kikubwa kinachotoa damu nyingi?
2. Nani katika kikundi chenu hajui kama amechanjwa pepopunda? Mtaenda lini pamoja?
3. Ni maneno gani sisi viongozi tumeyasema yanayowafanya watu wachelewe kwenda zahanati? Semeni bila woga, na mtuletee kwa maandishi.
4. Nani katika kanda yenu ana ugonjwa wa sukari au anaishi peke yake bondeni? Nani atamgongea mlango mvua ikianza?

Jumapili ijayo, baada ya ibada, kina mama wa idara ya afya wataonyesha jinsi ya kuosha kidonda na kutengeneza maji ya sukari na chumvi. Kijana wetu wa kwaya amekubali kusimama na kueleza alivyosikia akiwa ndani ya chumba kile tulichokifunga. Sisi wachungaji tutaketi mstari wa mbele, tumsikilize.

Amani iwe nanyi nyote.